Shajara ya glaida ya chumbani: miguu na masikio kwanza, picha baadaye

7 Januari 2023: Pa kuanzia

Nimewahi kupanda glaida mara moja tu maishani, nikiwa abiria, juu ya Wasserkuppe kule Ujerumani, mlima ambao mashindano ya ndege zisizo na injini yalianza kufanyika mwaka 1920. Ilikuwa ASK 21 ya viti viwili, mimi mbele, rubani nyuma. Winchi ilituvuta juu, kamba ikaachiwa, na baada ya hapo ukabaki upepo peke yake. Dakika kumi na moja. Mambo mawili hayajanitoka mpaka leo. La kwanza ni sauti ya upepo, ilivyopanda na kushuka kadiri kasi ilivyobadilika. La pili ni pedali zilizokuwa mbele ya miguu yangu: kila rubani alipolaza bawa, zilisogea zenyewe, kwa sababu zimeungwa na za nyuma. Niliona kwa macho yangu kwamba glaida huendeshwa kwa miguu sawasawa na mikono.

Hapa Arusha nina kompyuta mpakato, leseni ya Condor 2 (simuleta ya glaida iliyotengenezwa Slovenia) na fimbo ya michezo ya kompyuta, ile ambayo ukiizungusha kiganjani ndiyo unageuza usukani wa mkia. Picha ni nzuri. Milima ya Slovenia naiona vizuri kabisa, kuanzia uwanja wa Lesce ulioko mita 504 juu ya usawa wa bahari hadi kilele cha Triglav chenye mita 2,864. Lakini mwili wangu haupati chochote kati ya yale mawili niliyoyaleta kutoka Wasserkuppe.

Ndiyo maana mradi huu hautagusa picha kabisa mpaka miguu na masikio vimalizwe. Naandika kila hatua ili mwingine akitaka kuiga asirudie makosa yangu, na gharama naziweka wazi, zikiwemo za vitu vilivyoharibika.

Kipimo changu kitakuwa ule uzi wa sufi unaobandikwa kwenye kioo cha mbele. Hewa ikija moja kwa moja, uzi unanyooka. Ndege ikienda kiubavu, uzi unalala upande. Ncha yake ikielekea kushoto unakanyaga kulia, ikielekea kulia unakanyaga kushoto. Kwenye glaida yenye mabawa marefu uzi huu hautulii wenyewe, kwa sababu ukilaza ndege kulia, bawa la kushoto linalopanda linavutwa nyuma na hewa kuliko la kulia, na pua inakimbilia kushoto, kinyume cha unakotaka kwenda. Mguu ndio dawa, maana pedali ndizo zinazogeuza usukani wa mkia.

Condor hutoa takwimu za safari kupitia UDP, njia ya programu moja kuitumia nyingine data. Fungua faili la UDP.ini ndani ya folda ya Settings, weka Enabled=1, na namba zinaanza kutoka kwenye poti 55278. Mojawapo ni yawstringangle, yaani pembe ya uzi. Niliandika programu fupi ya Python ya kuirekodi nikizunguka mara kumi kwa Standard Cirrus, glaida ya kiti kimoja, kilomita 90 kwa saa, mlalo wa nyuzi (digrii) 45.

Kosa la kwanza lilitokea hapo hapo. Wastani ulikuja 0.2 nami nikaona nimeshafuzu, maana nilidhani ni nyuzi. Siku mbili baadaye nikagundua namba hizo ziko kwa radiani. Radiani 0.2 ni zaidi ya nyuzi 11. Nilikuwa nazunguka kiubavu muda wote. Kuanzia sasa nyuzi 11 ndiyo namba ya kushindana nayo.

29 Januari: Pedali

Ubao ni plaiwudi ya milimita 12, vipande viwili juu ya mhimili mmoja unaozunguka katikati, mguu mmoja ukienda mbele mwingine unarudi. Kukata na kufunga kulichukua jioni tatu na hakuna la kusimulia.

La kusimulia ni umeme. Nilifunga potenshiometa, ile ambayo mafundi redio huiita volyumu, kwenye mhimili, nikaiunganisha na bodi ya Pro Micro ambayo kompyuta huitambua kama fimbo ya michezo. Ilifanya kazi, ila uzi kwenye kioo ukawa unatetemeka hata nikiwa nimetuliza miguu. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha potenshiometa nyingine, hali ile ile.

Sababu niliipata kwa hesabu ya darasani. Pro Micro inagawa volti katika hatua 1,024. Potenshiometa inazunguka nyuzi 300 hivi, lakini pedali zangu zinazunguka nyuzi 60 tu. Kwa hiyo nilikuwa natumia hatua 205, na kila hatua moja ya kelele ya umeme ilionekana kwenye usukani. Juu ya hapo, ile brashi ya ndani inasugua sehemu ile ile moja ya katikati kila siku, na ndiyo inayochakaa kwanza.

Dawa ilikuwa kihisi cha Hall namba 49E, ambacho husoma nguvu ya sumaku bila kugusana na kitu. Sumaku mbili ndogo nilizitoa kwenye spika za kompyuta iliyokufa, nikazibandika pande mbili za mhimili, kihisi kikakaa katikati. Mara ya kwanza nilizibandika sumaku zikiwa zimetazamana ncha zinazofanana na kihisi hakikusoma kitu. Geuza moja. Sasa pedali zikienda mwisho hadi mwisho napata hatua zaidi ya 700 na hakuna kinachosuguana.

Gharama: plaiwudi 20,000, Pro Micro 32,000, bolti na bawaba 9,000, beringi mbili 8,000, kihisi 3,500. Potenshiometa mbili zilizopotea, 4,000. Jumla Sh 76,500.

Uzi baada ya wiki moja ya mazoezi: nyuzi 6.

5 Machi: Fimbo

Fimbo ya dukani ina urefu wa sentimita 10 hivi. Ikilala nyuzi 20, mkono unasogea sentimita tatu na nusu. Fimbo ya glaida inatoka sakafuni kati ya mapaja, na yangu nimeipa sentimita 45: nyuzi zile zile 20 zinasogeza mkono sentimita 15. Hiyo ndiyo tofauti ya kugusa na kusukuma.

Fundi wa kuchomelea aliniuliza, “Mwalimu, hii ni gia ya trekta?” Nilimchorea, akaielewa haraka kuliko nilivyotegemea, akanipa wazo la kutumia beringi namba 6301 za gurudumu la bodaboda ambazo zinapatikana kila kona. Skwea paipu ya inchi moja, msalaba wa pande mbili, beringi nne. Haichezi hata kidogo. Fundi, asante.

Palipokwama ni kurudisha fimbo katikati. Nilikata tyubu ya baiskeli nikafunga mikanda minne. Mpira una tabia ya kutorudi palepale: ukivuta fimbo nyuma ukaiachia inasimama karibu na katikati, ukiisukuma mbele ukaiachia inasimama mahali pengine. Kwa gari usingejali. Lakini Standard Cirrus, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1969, imejulikana tangu enzi hizo kwa wepesi wake wa pua, maana matoleo yake ya mwanzo hayana kipande cha nyuma kinachokunjika, bali bawa lote dogo la mkiani linageuka. Milimita mbili za makosa mkononi zinakuwa kilomita kumi za makosa kwenye kasi. Nilitupa mipira, nikaweka springi nne za breki shuu za bodaboda.

Bado ndege ilikuwa nzito kujibu, halafu ghafla inajibu kupita kiasi. Wiki nzima niliilaumu springi. Kumbe ni mimi. Nilipokuwa na fimbo fupi nilikuwa nimeipinda mistari ya mwitikio ndani ya simuleta ili sehemu ya katikati iwe pole. Fimbo ndefu haihitaji hilo, urefu wake ndio upole wenyewe. Niliinyoosha mistari yote ikawa sawa na rula, na kwa mara ya kwanza ndege ikafuata mkono.

Gharama: paipu 14,000, kuchomelea 25,000, beringi 16,000, vihisi viwili 7,000, springi 6,000, tyubu iliyotupwa 5,000. Jumla Sh 73,000. Kiti cha gari kutoka kwa muuza chakavu, kimelazwa nyuma jinsi rubani wa glaida anavyokaa, 40,000.

26 Machi: Breki za hewa

Nitakuwa mfupi. Breki za hewa ni mabamba yanayochomoza kwenye mabawa ili glaida ishuke. Nilinunua potenshiometa ya kuteleza kutoka Dar es Salaam kwa 12,000, ikadumu wiki mbili. Vitu hivi vimetengenezwa visukumwe na kidole, havivumilii mkono unaovuta kiubavu wakati wa kutua. Sasa ni mkono wa chuma bapa kushoto mwa kiti, wenye mhimili na kihisi cha Hall kama pedali. Sumaku ya mlango wa kabati inaushika mbele, kwa hiyo kufungua breki unahitaji kuvuta kwa nguvu kidogo mpaka ibanduke, nao ni mfano mzuri wa kufuli la breki za glaida halisi. Gharama 25,500 pamoja na ile iliyokufa.

Faida yake ni kubwa kuliko nilivyodhani. Kwa kitufe, breki ni wazi au zimefungwa. Kwa mkono huu nafungua theluthi, natazama uwanja wa Lesce unapanda au unashuka kwenye kioo, naongeza au napunguza. Kutua kumekuwa kazi ya mkono wa kushoto.

23 Aprili: Variometa inayolia

Hii ndiyo hatua iliyokula muda kuliko zote, na ningeomba anayeiga aisome polepole.

Variometa huonyesha ndege inapanda au inashuka mita ngapi kwa sekunde. Rubani wa glaida haiangalii, anaisikiliza: mlio mwembamba unaokatika-katika ni kupanda, mlio mzito usiokatika ni kushuka, na macho yanabaki nje. Nilitaka sauti hiyo itoke kwenye spika yake yenyewe mbele yangu, isichanganyike na upepo. Python inasoma UDP, inatuma namba kwa bodi ya Nano, Nano inalia kupitia spika ndogo. Sh 25,000, jioni mbili.

Siku ya kwanza nilifurahi sana. Nakuja kwa kilomita 150 kwa saa, nasikia mlio unapanda, navuta fimbo nizunguke, mlio unapanda zaidi, kumbe mkondo wa hewa moto! Nazunguka nusu duara, kimya. Kisha kushuka. Ikatokea hivyo mara sita mfululizo, na nikaanza kuamini kwamba simuleta inatengeneza mikondo dhaifu.

Hesabu ikaniokoa tena. Ndege ikipunguza kasi kutoka kilomita 150 hadi 90 kwa saa, nguvu ya mwendo inageuka kuwa kimo: mita 56 hivi, bila hewa kupanda hata sentimita moja. Ukizipata mita hizo ndani ya sekunde kumi, variometa ya kawaida inaimba “mita tano na nusu kwa sekunde!” na ni mkono wako unaoimba. Glaida halisi zina variometa zilizorekebishwa zihesabu nguvu yote, ya kimo na ya mwendo kwa pamoja. Nami nilikuwa nasoma namba ya kupanda isiyorekebishwa, badala ya ile iliyorekebishwa. Namba moja tu. Niliibadilisha na mikondo ya uongo ikafa yote.

Kosa la pili lilitokana na kutaka uzuri. Mlio ulikuwa unarukaruka, nikaulainisha kwa kuchukua wastani wa sekunde mbili. Ukawa mtamu kusikiliza, lakini sikuweza tena kuukalia mkondo katikati. Tazama: kwa kilomita 90 na mlalo wa nyuzi 45, duara lina nusu kipenyo cha mita 64 na linakamilika kwa sekunde 16. Wastani wa sekunde mbili unachanganya nyuzi 45 za duara. Sauti ilipokuwa inaniambia “hapa ndipo penye nguvu,” mimi nilishapapita. Nilishusha hadi nusu sekunde na nikakubali mlio mkavu kidogo.

Kuna jambo linalonigusa hapa. Mwanabiolojia Colin Pennycuick, miaka ya mwanzo ya 1970, aliruka na glaida yenye injini ndogo, Schleicher ASK 14, juu ya Serengeti, akifuatana angani na tumbusi ili ajue wanavyozitumia hewa zinazopanda. Alipima uwiano wa kuteleza wa tumbusi mgongo-mweupe kuwa takriban mita 15 mbele kwa kila mita moja ya kushuka, wakati Cirrus inapita mita 35. Na bado ndege yule anasafiri siku nzima, kwa sababu anaujua mkondo ulipo na anauzunguka kwa duara dogo kuliko glaida yoyote. Nikiwaona juu ya njia ya Monduli saa tano asubuhi, jua limeshapasha ardhi, nasimama kuhesabu sekunde za duara lao.

21 Mei: Upepo, shingo na umeme

Sauti ya upepo ndiyo kipima kasi cha kwanza. Nilibandika karatasi juu ya kipima kasi kwenye skrini nikajaribu kuruka kwa masikio. Ilishindikana, na mkosaji alikuwa feni ya kompyuta, ambayo hupiga kelele zaidi simuleta inapoelemewa, yaani karibu na milima, mahali ambapo masikio yanahitajika kuliko kote. Nimeihamishia kompyuta chumba cha pili kwa waya wa HDMI wa mita tano, unapita chini ya mlango. Sasa nasikia tofauti ya kilomita 80 na 95 bila kutazama, na upepo ukinyamaza najua pua imeinuka mno.

Kamera ya 45,000 na programu ya bure ya opentrack zinafuata kichwa changu, nikigeuka kidogo picha inageuka zaidi. Niliiweka kali mno mwanzoni na nikapata kichefuchefu. Acha nyuzi 10 za katikati zisifanye kitu. Pamoja na waya, 63,000.

Umeme ukikatika katikati ya safari, pedali hupoteza katikati yake kwa sababu nilikuwa narekebisha vihisi kila kompyuta inapowaka. Nimehifadhi vipimo ndani ya bodi yenyewe, tatizo limeisha.

Uzi: nyuzi 4.

25 Juni: Kitetemeshi, ambacho nimekitoa

Rubani wa kweli husikia mkondo kwenye makalio kabla ya variometa. Nilitaka hilo. Nilinunua kitetemeshi cha kufunga chini ya kiti pamoja na amplifaya ndogo, 65,000, nikakilisha namba za mchapuko kutoka UDP.

Hakikufaa. Kitetemeshi kinatikisa, hakiinui. Kinachotokea ndani ya mkondo ni kiti kukusukuma juu taratibu kwa sekunde moja au mbili, na hakuna spika inayoweza kufanya hivyo. Nilijaribu kukitumia kwa misukosuko tu, kikawa kinanguruma kama lori na kuufunika upepo niliohangaika kuupata. Nimekitoa. Amplifaya inatumika shuleni kwenye somo la mawimbi. Anayeiga asinunue.

6 Agosti: Mgeni kitini

Mtalii mmoja ambaye kwao ni rubani wa glaida alikuja nyumbani kupitia mwalimu mwenzangu. Nilimweka kitini, nikampandisha Lesce nyuma ya ndege ya kuvuta, upepo wa kusini, aende kwenye mteremko wa Stol, mlima ulio karibu na uwanja huo. Nilikaa kimya. Alifika ukingoni, akaruka sambamba na mlima, mbele na nyuma, akipanda, miguu yake ikifanya kazi bila yeye kuiangalia. Hilo lilinitosha kwa siku hiyo.

Kisha akasema jambo moja lenye maana: miguu ni sahihi, mlio ni sahihi, ila fimbo ni nzito mno kwa Cirrus. Ile halisi unaishika kwa vidole viwili.

Hapakuhitajika kununua kitu. Springi zilikuwa zimefungwa sentimita 8 kutoka kwenye mhimili, nikazisogeza hadi sentimita 4. Mkono wa nguvu unapungua nusu, na springi inavutika nusu, kwa hiyo uzito mkononi unashuka hadi robo. Siku mbili za kwanza nilipanda na kushuka nyuma ya ndege ya kuvuta kama boya kwenye mawimbi, mara mbili nikalazimika kuachia kamba. Siku ya tatu nilielewa: nilikuwa naikumbatia fimbo kwa ngumi. Nikaushusha mkono ukalala juu ya paja, vidole viwili na gumba, na ndege ikatulia.

Jumla mpaka leo ni Sh 368,000. Kati ya hizo 86,000 ni za vitu vilivyoharibika au kutolewa, kwa hiyo atakayefuata vipimo hivi atatumia kama 282,000, bila kompyuta na leseni.

Jana usiku nilirekodi tena duara kumi kama zile za Januari, kasi ile ile, mlalo ule ule. Radiani 0.045, yaani nyuzi mbili na nusu. Mizunguko mitatu ya mwisho niliizunguka macho yakiwa kwenye wingu, na uzi niliutazama baadaye tu kwenye faili.

Kinachofuata ni mkono wa trimu, unaoshikilia pua ya ndege mahali pake bila kuisukuma fimbo muda wote. Chuma kimeshakatwa, nasubiri fundi arudi kutoka msibani Moshi.